Chensoo iliyotoka juzi au ile ya siku zote? Namna ya kuchagua kwa sisi wa huku ziwani

Karibu kila mwezi napigiwa simu na mtu yuko dukani mjini Mwanza, hela iko mfukoni, anaongea kwa sauti ya chini ili muuzaji asisikie, kaka kuna hii imetoka juzi tu, nyepesi, wanasema haili mafuta kabisa, niibebe au nikatafute Stihl 070, ile chensoo ya siku zote? Mi huwa sijibu moja kwa moja, namuuliza, fundi wako ameshafungua ngapi za namna hiyo? Apo simu inakuwa kimya. Kimya kile ndo jibu lenyewe, ila najua hamtoridhika na maneno mawili kwaiyo ngoja niandike yote niache kupigiwa usiku.

Mi napasua mbao. Nilianza nabeba dumu la mafuta la mjomba wangu kule Sengerema, saizi nina mashine tatu na vijana wanne, kazi tunapiga Buchosa, Ukerewe, mara nyingine tunavuka mpaka Geita vijijini. Uinjinia sijasomea, ninachojua nimekijua kwa kupoteza hela.

Na hela kubwa niliipoteza kwa toleo jipya. Kampuni sitaitaja maana kosa halikuwa lao peke yao. Ilikuwa ile aina inayojirekebisha yenyewe, kabureta haina skrubu za kuzungusha, kuna kompyuta ndogo ndani inaamua petroli kiasi gani na hewa kiasi gani. Miezi minne ya kwanza nilikuwa naihubiri kama mchungaji, inawaka mvuto wa pili, kijana anashinda nayo hachoki. Mwezi wa tano tuko Buchosa, jua la saa nane, tumezima tunakula ugali, kurudi haiwaki. Tumevuta kamba mpaka viganja vimechubuka. Jioni ikapoa, ikawaka kama hamna kitu kilichotokea. Kesho yake hivo hivo, ikishapata moto ukaizima umeumia. Nikaipakia nikaja nayo Igoma kwa fundi wangu, mzee mmoja ambaye 070 anaifungua huku anapiga stori na macho yako barabarani. Nikampa shikamoo, akaipokea, akaizungusha, akaitazama juu na chini, akavua miwani. "Kijana wangu, hii haina skrubu. Nishike wapi?"

Ikapanda basi kwenda Dar, zaidi ya kilometa 1,100, nikakaa wiki saba. Kumbe koili, kile kidude kinachopeleka umeme kwenye plagi. Koili tu jamani. Wiki saba zote nimekula kwa mashine ya mjomba ya kuazima, ambayo aliinunua kabla mimi sijaanza darasa la kwanza.

Sasa watu wakisikia stori hii wanatoka na jibu kwamba mpya ni mbovu na zamani walikuwa wanatengeneza chuma. Hapana bwana. Ile 070 ya Stihl mchoro wake ni wa miaka ya 1960, ukubwa wa silinda ni sisi (cc) 105 na ushee, bila baa (ule ulimi wa chuma unaozungukwa na cheni) na cheni yenyewe ina zaidi ya kilo 10, inakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka machungani, inatetemesha mikono mpaka usiku ukishika kikombe cha chai kinacheza. Haina raha yoyote. Ila ubovu wake wote unajulikana. Ukiachia mafuta ikaendelea kulia juu haitaki kushuka, kila mtu atakwambia angalia sili za krenki, au mpira wa kabureta umepasuka, inavuta hewa ya wizi. Na kuanzia Nyehunge mpaka Nansio hukosi mtu mwenye kabureta yake ya akiba kwenye kopo la Blue Band. MS 381 ya sisi 72 nayo iko hivo, ukoo wake ni ile 038 ya zamani, na upande wa kampuni ya Husqvarna kuna 372 XP ya sisi karibu 71 ambayo ipo sokoni tangu miaka ya 1990. Mashine ikishakaa miaka hiyo yote hata kiwandani wanakuwa wameshaitibu, kimya kimya, leo wanabadilisha mpira, kesho gasketi, we unaona tu namba ya spea imebadilika. Wakati mwingine wanarekebisha vitu vingi mpaka jina linabadilika, kama Husqvarna walivyotoa 550 XP alafu baadae ikaja 550 XP Mark II. Ukiona Mark II jua kuna watu walinunua ile ya kwanza wakakulipia ada ya shule.

Kwanini mpya zinadeka? Zimebanwa na sheria za moshi za Ulaya na Marekani. Tu-stroki ya kizamani, yani injini ya kuchanganya oil ndani ya petroli, mafuta mengine yanapita ekzosi hayajaungua, ule moshi wa bluu unaoujua. Mpya nyingi zinatanguliza hewa tupu ndani ya silinda, hiyo hewa ndo inasukuma moshi nje, mchanganyiko wa mafuta unafuata nyuma, kwaiyo kinachopotea kinakuwa hewa. Husqvarna wanaita X-Torq, Stihl wanaita 2-MIX. Ni akili kubwa na mafuta kweli yanapungua, sio uongo wa muuzaji. Shida ni kwamba mashine inayoishi kwa mafuta ya kubana haina chenji ya kukusamehe, gasketi ikipata katundu kadogo ka hewa, au kijana akipunja oil, pistoni inakwaruza mapema. Zile za kizamani ukiikosea inakohoa kwanza, inatoa moshi, inakosa nguvu, we ukiwa na masikio unashtuka.

Alafu ndo zikaja zenye kompyuta, M-Tronic kwa Stihl na AutoTune kwa Husqvarna, na mwaka 2019 ikaja MS 500i ambayo kabureta haina kabisa, ni injeksheni kama gari, umeme inajitengenezea yenyewe kwenye flaiwili, lile gurudumu linalozunguka na injini, wala haina betri. Sisi 79, kilo 6.2, kilowati 5.0, wakati 070 ina kilowati 4.8. Yani nguvu hazipishani ila umetua kilo nne na ushee kwenye mgongo wa kijana wako. Ningekuwa na kazi ya kuangusha na kukatia matawi misonobari kule Buhindi kuanzia asubuhi ningeitaka hata leo. Kupasua mbao kwa baa ndefu ni habari nyingine, pale unataka kitu kinachozunguka taratibu kinasukuma tu masaa sita bila kulalamika, kilowati za kwenye karatasi hazikusaidii sana.

Haya, tuje kwenye namna ya kununua.

Anza na duka la spea, la mashine baadae

Usimuulize muuzaji "spea zipo?" maana hakuna muuzaji aliyewahi kusema hazipo. Uliza bei. Koili bei gani, diafram za kabureta bei gani, sili za krenki, pampu ya oil ya cheni, kamba na springi ya starta, mpira wa mafuta ule wa ndani ya tenki. Akikutajia bei palepale bila kunyanyua simu basi ipo kwenye shelfu. Akianza kusema hiyo inaagizwa bosi, ni siku mbili tatu tu, we hesabu wiki tatu na uzidishe kwa hela ambayo vijana wako wangeingiza. Zungukia maduka hata matatu, kama spea ya mashine hiyo ipo duka moja tu la yule yule anayeuza mashine, siku akifunga au akigombana na wa Dar umebaki na jiwe.

Ukitoka hapo nenda kwa fundi, na uende huna mashine mkononi, mnunulie soda, muulize kama ameshafungua hiyo aina na ngapi zilirudi. Fundi wa kweli atakwambia sijawahi. Fundi maiko atakwambia hizo zote ni sawa tu leta. Hilo jibu la "zote ni sawa" likimbie, kwenye mashine ya kompyuta ukianza kuchokonoa kwa bisibisi unaua kitu ambacho kilikuwa kizima. Stihl wana kifaa chao cha kupimia hizo za kielektroniki kinaitwa MDG 1, Husqvarna nao wana programu yao, kwaiyo muulize muuzaji swali moja la kistaarabu, hicho kifaa kipo hapa Mwanza au kipo Dar? Na kwenye waranti muulize nauli ya kwenda na kurudi analipa nani. Waranti ya mwaka mzima inayotibiwa kilometa elfu moja ni karatasi nzuri ya kufungia karanga.

Kanuni yangu binafsi, toleo jipya silinunui mpaka limekaa masika mawili na kiangazi viwili mikononi mwa watu ninaowajua kwa sura. Tope, vumbi la kiangazi, petroli ya kwenye chupa, kijana mkorofi, kukaa miezi miwili stoo na mafuta ndani, vyote vimepita juu yake. Wavuvi wametangulia kulijua hili zamani, nenda pale Mwaloni Kirumba uangalie injini nyuma ya mitumbwi, Yamaha Enduro za tu-stroki bado zinapendwa kupita maelezo wakati foo-stroki zipo na zinakula mafuta kidogo, na ukimuuliza mwenyewe atakwambia kwamba ikizima katikati ya ziwa usiku anaifungua kwa tochi ya simu.

Kama unachukua ya zamani hakikisha ni yenyewe

Hapa ndo wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Siku hizi Stihl 070, 381 na 660 zina mapacha kutoka China wa kila aina, rangi ile ile, umbo lile lile, wengine mpaka jina limeandikwa, na spea nyingi zinaingiliana. Mtu anajisifu amenunua mashine iliyothibitika kumbe kilichothibitika ni mchoro, chuma chenyewe kimetoka mwezi uliopita na hakijathibitishwa na mtu. Stihl orijino ina namba ya tarakimu tisa imepigwa kwenye bodi la injini lenyewe, stika peke yake haitoshi. Ikwangue matope uione, ipige picha, na ukiona palisagwa au pana rangi mpya juu yake ondoka taratibu usigombane na mtu. Angalia maungio ya bodi, orijino yamekaa sawa, Mchina mara nyingi utakuta kingo zina makorongo ya kumwagia chuma na bolti ukizifungua mara mbili zinalegea meno.

Simtukani Mchina mia kwa mia. Kama kazi yako ni kuni za familia na kukata mwembe uliodondokea uzio, nunua, itakufaa, na spea zake ziko kila kona. Kuna jamaa zangu Geita wananunua Mchina kisha kabla hata ya kuiwasha wanabadilisha sili, beringi, koili na mipira ya mafuta wanaweka za maana, na zinawatumikia. Ila piga hesabu vizuri, ukishanunua hivyo vyote na kumlipa fundi tofauti na orijino ya mkononi inakuwa ndogo, na usiku bado unalala hujui krenki ni ya chuma gani.

Kwa ya mkononi, shika kipini cha kamba ya starta uinyanyue mashine yote ining'inie, swichi ikiwa imezimwa. Ikishuka polepole kwa vipindi, inakwama inashuka inakwama, kompresheni ipo. Ikiporomoka chini kama ndoo kisimani, pistoni na ringi zimechoka. Kama ina kile kitufe cha kupunguza kompresheni hakikisha hakijabonyezwa, maana utaikataa mashine nzima bure. Kisha mwombe mwenye mali afungue ekzosi, ni bolti chache tu, umulike ndani uone ubavu wa pistoni. Ukiwa laini na mistari hafifu sawa, ukiwa na mikwaruzo ya kusimama kama imelimwa usisikilize maelezo yoyote hata kama anayekueleza ni shemeji.

Washa, zima, ngoja

Iwe mpya iwe ya zamani usiondoke bila kuiwasha, na usifurahie kuwaka tu, kuwaka ya baridi kila mashine inawaka. Fanya hivi. Iwashe, iache ilie chini dakika mbili, cheni isitembee yenyewe. Ukiwa bado hujagusa mafuta iinamishe pua chini, kisha pua juu, kisha ubavu, sauti isibadilike sana, ikipanda na kushuka kuna hewa inaingia mahali au beringi imeanza kucheza. Kanyaga mafuta ghafla, isisite. Achia, irudi chini haraka. Elekeza ncha ya baa kwenye kipande cha boksi jeupe usikiguse, kanyaga, uone oil ya cheni inaruka kuchora mstari. Kata gogo, tena gogo gumu la mkaratusi kama lipo, sio kifito.

Alafu izime ikiwa ya moto kabisa na ukae. Dakika kumi. Piga stori, ulizia bei ya cheni, kunywa maji. Baada ya hapo iwashe. Hapo ndo ile yangu ingenionyesha rangi yake kama ningekuwa nimeimiliki kwa mwezi wa tano tayari, lakini kwa mashine ya mkononi kipimo hiki kimeshaniokoa mara mbili, wauzaji huwa wanaipasha moto kabla hujafika alafu hawataki izimwe, wanakwambia acha tu iendelee, mafuta yangu. Ukarimu huo uogope.

Kabla hujailaumu mashine

Kuna vitu viwili vya huku kwetu vinaua chensoo mpya na za zamani bila kubagua na lawama anabeba kiwanda.

Cha kwanza hewa. Ziwa letu lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Dar. Mashine iliyowekwa sawa Dar ikifika Mwanza inakuwa inapewa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, inatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi, nguvu haitoshi, mtu anasema nimeuziwa kimeo. Kumbe ni robo ya mzunguko wa skrubu, wakati mwingine hata chini ya hapo. Ile yenye H ndo ya spidi ya juu, L ya chini, na kama zimevurugwa kabisa anzia mzunguko mmoja kutoka kufunga, bila kukaza kwa nguvu maana ncha yake ni laini, alafu rekebisha kwa sikio. Ukikanyaga mwisho bila kukata lazima isikike ina kwikwi kidogo, ukiingiza kwenye mti kwikwi inaisha. Ikilia juu nyororo kama inapiga mluzi bila mzigo hapo unaiua, rudisha petroli. Na usisahau kinyume chake, mashine iliyowekwa sawa huku ukimuazima shemeji akaenda nayo Tanga bila kuigusa, itaungua. Kwenye hili zile za kompyuta nazipa maua yao, zenyewe zinajipima na kujirekebisha popote ulipo.

Cha pili, na hiki kinaniuma zaidi, ni oil ya boti. Visiwani na mialoni yote oil ya tu-stroki inayopatikana kirahisi ni ya injini za boti, imeandikwa TC-W3 kwenye kopo. Ile imetengenezwa kwa injini inayopoozwa na maji ya ziwa. Chensoo inapoozwa na upepo wa feni yake tu, joto lake ni la kiwango kingine, oil ile inakuwa haikai pale inapotakiwa kukaa. Tafuta kopo lililoandikwa JASO FC au FD, ukienda Ukerewe nenda nalo kutoka mjini. Kipimo, oil yao wenyewe Stihl ni moja kwa hamsini, lita 5 za petroli mililita 100 za oil. Oil zingine za kawaida, na kwa mashine za Kichina, nenda moja kwa ishirini na tano, yani lita 5 kwa mililita 200. Nunua bomba kubwa la sindano duka la dawa la kupimia, habari ya kukadiria kwa kifuniko imeua pistoni nyingi. Petroli ya kwenye chupa za barabarani iache itulie kwanza, mimina polepole, uache ile ya chini, mara nyingi kuna maji. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi nao wakipita ukiwa kazini siku hiyo hiyo fungua filta ya hewa, utakuta uji.

Kidogo tu kuhusu cheni maana nalo linachanganya watu, kupasua kwa urefu unanoa karibu nyuzi 10, kukata kwa kukingama 30. Mtu anapasua na cheni ya nyuzi 30, inakwenda kwa taabu, anasema mashine mpya haina nguvu.

Ukishainunua

Mpya usiikimbize. Matenki matatu ya kwanza usikanyage mwisho ikiwa hewani bila mzigo, na usitegemee nguvu yake kamili mpaka ifike tenki la tano mpaka la kumi na tano. Kaza bolti zote baada ya siku ya kwanza, cheni mpya ivute kila mara inarefuka. Plagi acha nafasi ya nusu milimita. Kijana mmoja awe ndo mwenye mashine hiyo, sio leo huyu kesho yule, mashine ya watu wote ni mtoto yatima.

Pia andika. Daftari la shule linatosha, tarehe, matenki mangapi, nini kilibadilishwa, bei gani. Baada ya mwaka mmoja nilifungua daftari langu nikakuta mashine niliyokuwa nasema haisumbui ndo iliyokula hela nyingi, shilingi elfu tatu tatu za kila wiki ambazo huzihesabu kichwani, na ile niliyokuwa naitukana iliniharibikia mara moja tu ila kwa kishindo. Moyo una kumbukumbu ya ajabu.

Sasa kuna sehemu moja ambayo siwezi kuisimamia ya zamani hata kama naipenda. Breki ya cheni. 070 nyingi hazina, na kwenye mashine nyingine za umri huo zilizokuwa nayo unakuta fundi alishaiondoa miaka kumi iliyopita kwa sababu "inasumbua". Ncha ya baa ikigusa tawi usiloliona mashine inaruka kurudi usoni kwako haraka kuliko kope, breki ndo kitu pekee kinachosimamisha cheni hapo katikati. Kijana wa jirani yangu ana kovu kutoka bega mpaka karibu na shingo, alikuwa anakata matawi na 070. Kwaiyo kwangu 070 inapasua magogo yaliyolala chini tu, baa imezama kwenye mti, kuangusha na matawi nimehamishia kwenye mashine yenye breki inayofanya kazi, na kila asubuhi kijana anaijaribu mbele yangu kabla hajaondoka. Kama pesa yako inatosha mashine moja tu na kazi yako ni mchanganyiko, sahau 070, tafuta 381 au 372 nzima.

Na kabla hujaingia nayo msituni pita ofisi ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, ya wilaya yako uulize habari za kusajili msumeno wa moto na vibali vya kuvuna, hata kama mti ni wa shambani kwako uliza. Mashine ikishikiliwa kituoni haijalishi tena ni toleo gani.

Mtanieleza sasa mbona unasema hivi na mpya bado unayo. Ninayo, sikuiuza. Koili ilivyokuja nikaagiza na ya pili, nikaagiza filta mbili na mipira ya mafuta, ndo nikairudisha kazini kukatia matawi, mwaka wa tatu huu inadunda na vijana wanaigombania. Hiyo koili ya akiba inakaa kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati la vyombo, mama watoto amekaribia kuitupa mara mbili akidhani ni kidude cha redio iliyokufa, nikaona isiwe tabu, nikaandika bei yake kwa maka peni kwenye mfuniko. Akaisoma. Toka siku hiyo hata vumbi anaifuta.